David Bruce, daktari aliyefumbua fumbo la malale

Miongoni mwa magonjwa ya ubongo na neva ambayo mwanafunzi wa udaktari, awe katika chumba cha kupanga mtaani Huruma, Eldoret, au kwingineko, hutakiwa kuyafafanua kabla ya mtihani, mmoja ulifumbuliwa chanzo chake karibu na nyumbani. Ugonjwa huo ni malale. Kijidudu kinachousababisha, Trypanosoma brucei, kimebeba jina la daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka wa 1855, na wazazi wake Waskoti wakamrudisha kwao akingali mtoto. Aliacha shule akiwa na miaka 14 ili afanye kazi katika ghala mjini Manchester. Baadaye alirejea masomoni na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1881. Mwaka wa 1883 alimwoa Mary Steele, ambaye aliandamana naye karibu kila alikotumwa, akichora vielelezo na kushiriki kazi za maabara. Si haki kumtaja mume na kumsahau mke.

Akiwa kisiwani Malta, mwaka wa 1887, Bruce alitambua bakteria wanaosababisha homa inayojulikana leo kama bruselosi. Kisha mwaka wa 1894 alitumwa Zululand kuchunguza nagana, maradhi yaliyokuwa yakimaliza ng'ombe. Katika damu ya mifugo hao aliona vijidudu vyembamba vyenye mkia, akathibitisha kwamba mbung'o ndiye aliyevisambaza.

Wakati huo hakuna aliyedhani kwamba nagana ilihusiana na usingizi wa binadamu. Lakini mwaka wa 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu Albert na Jack Cook, waliwaona wagonjwa wa kwanza wa mongota, kama Waganda walivyouita. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, maneno humpotea, hatimaye hupoteza fahamu na kufariki. Katika Busoga na visiwa vya Ziwa Victoria inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 waliangamia katika miaka michache.

Wataalamu walibishana. Wapo walioshuku minyoo ya filaria, na wengine bakteria. Aldo Castellani, daktari kijana kutoka Italia aliyekuwa Entebbe, alikuwa wa kambi ya bakteria, ingawa alikuwa ameona vijidudu vyenye mkia katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Bruce alipowasili Machi 1903 na kuelezwa jambo hilo, alitambua uzito wake mara moja. Walichunguza wagonjwa zaidi, na vijidudu vikaonekana tena. Baadaye ulizuka ugomvi mkali kuhusu nani astahili sifa. Kwa maoni yangu, Castellani aliona na Bruce akaelewa.

Jambo la pili lina faida kubwa kwa mwanafunzi. Huko Gambia, vijidudu vya aina hiyo vilikuwa vimepatikana katika damu ya mtu mwenye homa ya kawaida tu, ikadhaniwa kuwa maradhi mengine. Kumbe homa hiyo ni hatua ya kwanza, vijidudu vikiwa katika damu na tezi. Malale yenyewe ni hatua ya pili, vinapopenya hadi kwenye ubongo. Ndiyo sababu kwa miaka mingi daktari alimchoma mgonjwa sindano mgongoni kupima maji hayo kabla ya kuamua tiba.

Ili kumpata msambazaji, Bruce alimtegemea Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa. Machifu waliagizwa kukusanya nzi na kuwapeleka Entebbe. Ramani ya mbung'o ilipolinganishwa na ile ya ugonjwa, zilishabihiana.

Hata hivyo, Bruce aliamini kwamba mbung'o hubeba kijidudu mdomoni kwa muda mfupi tu. Serikali ya kikoloni ilitarajia kwamba pwani ikiachwa bila watu, nzi wangesafika upesi. Kuanzia mwaka wa 1906 wakazi wakahamishwa kutoka ukanda wa takriban maili 2, na baadaye visiwani Sese, wakaacha mashamba na mitumbwi. Mwaka wa 1909 Mjerumani Friedrich Kleine alionyesha kwamba kijidudu hukua ndani ya mbung'o kwa majuma kadhaa. Bruce, aliyekuwa amerudi Uganda, alirudia majaribio hayo na kukubali.

Kwa miaka mingi tiba ya hatua ya pili ilikuwa melarsoprol, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliweza kuua. Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazoli. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nchini Kenya malale si tatizo tena la afya ya umma.

Mary Bruce alifariki Novemba 1931. Siku 4 baadaye, ibada ya mazishi yake ikiendelea, David Bruce naye akakata roho.