Nkomanile naye ni shujaa

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke mama mmoja wa Ungoni. Nkomanile alikuwa mtawala wa Kitanda. Mwaka 1905 alimpokea Kinjala, mjumbe wa Maji Maji, na kwa mkono wake dawa ikawafikia Wangoni. Vikosi vya vita vilikuwa vya wanaume, lakini uamuzi wa kupigana ulipita kwake. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu hapa Songea, naye akiwa mwanamke pekee. Kitanzi hakikuuliza jinsia.

Basi wanaosema mwanamke hana lake vitani wafikiri tena. Walimu, mnapomtaja Nduna Songea Mbano, mtajeni na Nkomanile. Watoto wetu wa kike wanahitaji kulijua jina hilo.

Msomaji wako,
Songea.