Patterson Hakujenga, Alijengesha

Wanafunzi wengi hapa Kakamega hawajaliona Daraja la Tsavo, lakini simba wake wanawafahamu. Waulize ni nani aliyelijenga daraja hilo, nao watamtaja Patterson bila kusita. Mimi ni mwalimu wa isimu, na jibu hilo hunikera. Kosa lake si la historia peke yake. Ni la sarufi pia.

John Henry Patterson alizaliwa nchini Ireland mwaka 1867, akawa mwanajeshi wa Uingereza na kutumikia India. Machi 1898 aliwasili Mombasa, akapelekwa Tsavo, maili 130 hivi kutoka pwani. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kuuvuka mto huo kwa daraja la muda. Yeye alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa daraja la kudumu, lenye nguzo za mawe na mihimili ya chuma.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Mawe yalichongwa machimboni, yakaletwa mtoni kwa vigari vilivyosukumwa juu ya reli ndogo. Mwashi stadi alilipwa rupia 45 kwa mwezi na kibarua wa kawaida 12. Basi wengi wakajiita waashi. Patterson alipoamua kulipa kwa kadiri ya kazi iliyofanywa, wapo waliokula njama ya kumwua. Usiku nao, simba wawili waliwanyakua watu mahemani. Mwanzoni mwa Desemba mamia ya wafanyakazi walidandia gari moshi wakakimbia, na ujenzi ukasimama kwa majuma matatu hivi. Mwezi huohuo Patterson aliwaua simba wote wawili. Daraja lilikamilika mapema mwaka 1899, na mafuriko yaliyofuata hayakuling'oa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Patterson alikuwa jasiri na msimamizi hodari. Hata hivyo, Kiswahili kina kauli ya kutendesha. Mwenye nyumba hujengesha. Fundi ndiye hujenga. Waliojenga Tsavo ni waashi na vibarua kutoka India, pamoja na Waafrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson alitaja Wahindi 28 walioliwa, akakiri kwamba Waafrika hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye alidai kwamba waliouawa walikuwa 135. Uchunguzi wa nywele na mifupa ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria 35 hivi. Wasomi wangali wanabishana juu ya hesabu, ilhali majina ya marehemu wengi hayajulikani.

Patterson alifariki California mwaka 1947. Ngozi za simba wake, alizoziuza mwaka 1924, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Reli nayo ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi lake likafika Butere, karibu nasi, mwaka 1930. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga Reli ya Uganda, na karibu 2,500 kati yao walikufa.

Yamkini wapo watakaoniona ninagombania silabi moja. Ni kweli, ninaigombania. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika kwamba Patterson alijenga daraja, msahihisheni aandike kwamba alijengesha. Kisha mwulizeni waliojenga ni akina nani, naye akatafute jibu.