Bibi Titi na kofia za maboksi

Mwaka jana nilikwenda TP Kibiti, nikapangiwa darasa la awali. Mada ya wiki ilikuwa watu wanaotuhudumia katika jamii. Picha za kubandika ukutani hakuna, basi tukatumia tulichokuwa nacho. Maboksi ya sabuni yakawa kofia za polisi na nesi, vifuniko vya soda vikawa vidonge, na mabaki ya ukindu kutoka kwa mama mmoja msuka mikeka yakawa wavu wa mvuvi. Watoto walipokezana kazi: leo wewe nesi, kesho nahodha wa boti ya Nyamisati kwenda Mafia.

Siku ya tatu binti mmoja akazikataa kofia zote. Alitaka awe bibi yake, anayeimba kwenye ngoma na kuwaita watu mkutanoni. Kusema kweli nilikwama. Kofia ya kazi hiyo sikuwa nayo.

Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Bibi Titi Mohamed. Wengi wetu hapa chuoni tunamjua kama barabara ya mjini Dar es Salaam, yaani mahali pa kukwama kwenye foleni. Wenzangu, yule alikuwa mtu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule hakwenda mbali, aliishia darasa la nne. Ila sauti alikuwa nayo, na katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba yeye ndiye aliyeongoza kuimba. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 wanawake walikuwa hawaonekani. Mwaka uliofuata Bibi Titi alijiunga, akapewa kazi ya kuwaleta. Hakuanza na hotuba. Alianza na viongozi wa vikundi vya ngoma, watu ambao wanawake wa mjini walikuwa tayari wanawasikiliza. Ndani ya muda mfupi maelfu wakachukua kadi. Sisi wa elimu tunafundishwa kuanza na kile anachokijua mwanafunzi. Yeye alilifanya hilo bila cheti, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima.

Alizunguka nchi akihutubia, mara nyingi pamoja na Mwalimu Nyerere. Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT mwaka 1962, akawa mbunge, akaingia serikalini kama waziri mdogo.

Kisha mambo yakageuka. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge, na kiti chenyewe kilikuwa Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa ndani ya wilaya ya Rufiji. Inawezekana kabisa mababu wa watoto wangu wa awali walipiga kura ile. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Alikana, lakini akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais alimsamehe mwaka 1972, akatoka, akaishi kimya kwa miaka mingi. Taifa lilipotimiza miaka 30 ya uhuru ndipo jina lake lilipoanza kutajwa tena kwa heshima. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, kabla mimi sijazaliwa.

Mtoto wa miaka mitano utamwambia nini katika hayo? Gerezani sikuwapeleka. Niliwaambia kwamba palikuwa na bibi aliyeimba vizuri, akaitumia sauti yake kuwakusanya kina mama waidai nchi yao. Tukatafuta debe bovu likawa ngoma, binti akajifunga khanga, akawaita wenzake wote mkutanoni. Polisi alikuja, nesi alikuja, mvuvi alikuja na wavu wake.

Msimamizi aliyekuja kunikagua siku hiyo aliandika kwamba nimetoka nje ya andalio la somo, akanikata alama. Sikubishana, kwa sababu kwenye andalio kweli mwimbaji hakuwepo. Lakini nikirudi kufundisha mada hii nitamwandika, mstari wa kwanza. Zile kofia zinawafundisha watoto kwamba anayetuhudumia lazima awe na sare. Bibi Titi hakuwa nayo, na wale aliowahudumia walimsahau kwa muda mrefu mno.