Dakta Mossadegh, Mzee Aliyedai Hesabu ya Mafuta

Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu alitufunza maana ya Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Jioni nikirudi nyumbani nilimkuta ami yangu mvuvi akipokea fungu lake, baada ya mwenye chombo kukata la chombo na la nyavu. Daftari hakuonyeshwa hata siku moja. Alipokea alichopewa, akashukuru. Kila nikumbukapo mambo hayo mawili, humkumbuka marehemu Dakta Mohammad Mossadegh wa Iran.

Mossadegh alizaliwa mwaka 1882. Mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme, naye ndiye aliyeacha wakfu hospitali ya Najmieh mjini Tehran. Kijana akasomea sheria Ufaransa na Uswisi, akarudi kwao na shahada ya udaktari. Basi hakuwa maskini mwenye kijicho. Alikuwa bwana mwenye mashamba yake.

Mwaka 1901 mfalme wa Uajemi alimpa Mwingereza tajiri, William Knox D'Arcy, idhini ya kutafuta na kuchimba mafuta kwa miaka 60. Nchi ilipewa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani kama hiyo, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. Mafuta yalipatikana Masjed Soleyman mwaka 1908, na mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za kampuni, ikawa ndiyo mwenye chombo.

Asilimia 16, lakini ya faida gani? Daftari lilikaa London, na Wairani hawakuruhusiwa kulikagua. Mkataba wa 1933 ukarefusha muda hadi 1993. Kufikia 1950, kodi ambayo kampuni ililipa serikali ya Uingereza ilizidi mrabaha iliolipa Iran, kwenye mafuta yenyewe. Pale Abadan palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kikubwa kuliko vyote duniani. Vibarua wa Kiirani waliishi kwenye vibanda visivyo na maji wala umeme, na mabwana wa kampuni wakikaa katika nyumba zenye bustani. Mwisho wa mwaka huo, Saudi Arabia ikakubaliana na Wamarekani kugawana faida nusu kwa nusu. Iran ikaona wazi ilivyopunjwa.

Mwezi Machi 1951 Bunge lilipitisha sheria ya kutaifisha mafuta, na Aprili Mossadegh akawa Waziri Mkuu. Uingereza ikazuia mafuta ya Iran yasiuzike. Meli iitwayo Rose Mary ilikamatwa mwaka 1952 huko Aden, bandari waliyoijua vyema manahodha wetu. Mzee, ijapokuwa afya yake ilikuwa dhaifu, alikwenda mwenyewe New York na The Hague kutetea haki. Mahakama ya Kimataifa ikaamua kuwa haina mamlaka juu ya kesi ile, na hakimu Mwingereza naye akaunga mkono uamuzi huo.

Nyumbani nako hakusahau mgawo. Mwaka 1952 aliamuru wenye mashamba watoe asilimia 20 ya mapato yao kwa wakulima na mabaraza ya vijiji, na yeye akiwa mmoja wao. Alikuwa na makosa pia. Mwezi Agosti 1953 aliitisha kura ya kuvunja Bunge, ambayo sanduku la ndiyo na la hapana yalitengwa, kura ikawa si ya siri.

Tarehe 19 Agosti 1953 alipinduliwa kwa njama za majasusi wa Marekani na Uingereza. Mwaka 1954 makampuni ya kigeni yakarudi kwa pamoja, yakaahidi Iran nusu ya faida. Nusu ilitolewa, lakini wakaguzi wa Iran hawakufunguliwa daftari.

Mossadegh alifungwa miaka mitatu, kisha akazuiliwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka alipofariki tarehe 5 Machi 1967. Alitaka azikwe pamoja na waliouawa wakimpigania mwaka 1952. Akakataliwa, akazikwa ndani ya nyumba yake.

Ami yangu naye alikufa bila kujua fungu lake lilikuwa la kiasi gani. Fungu hata likiongezwa, asiyeliona daftari hujuaje kuwa hakupunjwa? Mola awarehemu wote wawili.