Arthur Loveridge na Viumbe Wadogo wa Milima ya Uluguru



Katika misitu ya milima yetu ya Uluguru anaishi chozi mmoja, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Wataalamu humwita Cinnyris loveridgei. Jina hilo alipewa mwaka 1922 kwa heshima ya Arthur Loveridge, mtu aliyepita Morogoro kama askari, akarudi kama mtumishi wa idara ya wanyamapori, kisha akaja tena kama mtafiti. Wasomi wa wanyama watambaao wanamjua ulimwenguni kote. Sisi tunaoishi chini ya milima aliyoichunguza tunamjua kidogo sana, na hiyo ndiyo sababu ya kumsimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 katika mji wa Penarth, nchini Wales. Tangu utotoni alipenda kukusanya wadudu, ndege na nyoka, mapenzi ambayo wazazi wengi huyavumilia kwa shida. Yeye hakuyaacha alipokua. Alifanya kazi katika makumbusho za Manchester na Cardiff, na mwaka 1914 akasafiri hadi Nairobi kuwa msimamizi wa makumbusho ya viumbe ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Alikuwa hajatulia kazini Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka. Akaingia jeshini upande wa Waingereza, na mwendo wa vita ukamleta katika koloni la Wajerumani, hadi Dodoma na Morogoro. Tusipambe habari hizi. Vita ile iliwaua watu wetu wengi, hasa wapagazi, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Katika mazingira hayo Loveridge aliendelea kufunua mawe na kuchungulia nyufa za miamba. Unaweza kuliona jambo hilo kuwa ugumu wa moyo, au njia ya mtu kutunza akili yake timamu. Mimi sijaamua.

Katika miamba ya Dodoma alimpata kobe wa ajabu. Kobe tunayemjua sote hujificha ndani ya gamba lake akingoja hatari ipite. Huyu ana gamba bapa na laini linalobonyea, hata huitwa kobe chapati. Akiona adui hukimbia, tena kwa kasi inayomshangaza anayemwona mara ya kwanza, kisha hujipenyeza katika ufa wa jiwe na kujibana humo, na kumtoa ni kazi. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa wakati. Mwaka 1920 mtaalamu Boulenger wa London alimpa kobe huyo jina la Loveridge. Baadaye ikatambulika kuwa alikwisha kupewa jina jingine, naye Loveridge akapoteza heshima hiyo. Ndivyo ilivyo katika elimu hiyo: jina la kwanza ndilo hudumu.

Baada ya vita alirudi makumbusho Nairobi, kisha akaajiriwa Tanganyika kuwa msaidizi wa mkuu wa idara ya wanyamapori, akakaa Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo hakukusanya wanyama waliokufa tu. Alifuga pia wanyama wa porini nyumbani, akaandika walivyokula, walivyolala na walivyougua, na maandishi yake kuhusu wanyama aliowatunza akiwa kifungoni yalichapishwa katika majarida ya wataalamu. Mtu anayefuga kwa jicho kama hilo hujifunza upesi kwamba mnyama ana mahitaji yake mwenyewe, ambayo hayafuati matakwa ya mfugaji.

Hapa naomba tusimame kidogo. Siku hizi mtu hawezi kuiga mfano huo apendavyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata na kumiliki mnyama wa porini bila kibali, awe tumbili, kobe au kinyonga. Kobe chapati amewindwa mno ili auzwe nchi za nje kwa watu wanaotaka kufuga kitu cha ajabu, na kwa uzazi wa yai moja hawezi kufidia hasara hiyo. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, na mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumweka kobe huyo katika daraja la juu kabisa la ulinzi dhidi ya biashara. Anayependa kufuga anao mbwa na paka. Na hapo tujiulize kwa unyofu: mbwa wetu wana maji safi mchana wa jua? Wamechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hauponi? Mnyororo wao una urefu gani? Mara nyingi nimeona nyumba zenye sanamu nzuri ya Mtakatifu Fransisko ukutani, na uani mbwa aliyekonda amefungwa kwa kamba ya nusu mita.

Turudi kwa Loveridge. Mwaka 1922 alimtangaza nyoka wa misitu ya Uluguru ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika, akampa jina la Joan Procter, msomi wa London aliyekuwa amefuga wanyama watambaao tangu utotoni, mpaka mamba mdogo alipokuwa msichana wa shule. Baadaye bibi huyo alisimamia reptilia katika bustani ya wanyama ya London, na watu walimwona akitembea kwa amani na joka la Komodo. Alifariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Mwaka 1924 Loveridge alihamia Marekani, kwenye makumbusho ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Harvard, akafanya kazi huko kwa zaidi ya miaka thelathini. Safari ya kwanza aliyotumwa kutoka Harvard kuja kwetu ilikuwa ya mwaka 1926, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Alipanda Uluguru akapiga kambi katika vijiji ambavyo wasomaji wa huko watavitambua: Nyange, Bagilo, Vituri, Nyingwa. Wanakijiji na watoto wao walimletea viumbe, naye aliwalipa senti. Bila macho na mikono ya Waluguru angeshuka na mzigo mwepesi sana. Yako mengi aliyoyaita mapya ambayo bibi yeyote wa Bagilo aliyajua na kuyaita kwa Kiluguru. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Adamu alipewa kuwapa wanyama majina, na kazi hiyo ilikwisha kufanywa milimani kabla meli yoyote haijatia nanga Dar es Salaam. Alichoongeza Loveridge ni kulinganisha: aliweza kusema kwamba kiumbe hiki kipo hapa tu, na kile kina ndugu yake Usambara. Mwaka 1928 yeye na mkuu wake, Thomas Barbour, walichapisha kitabu kikubwa kilicholinganisha reptilia na amfibia wa milima hiyo miwili.

Aliyoyakuta yanastahili kusimuliwa. Yupo chura mdogo sana anayeishi ndani ya mianzi na katika makwapa ya majani ya migomba. Viluwiluwi wake hukulia katika maji machache yanayotuama humo, pasipo kuona mto wala bwawa. Wapo vyura wengine wasiotaga mayai majini kama tulivyofundishwa shuleni, bali huzaa watoto waliokwisha kuumbika, wadogo kama punje. Na yupo kinyonga wa pembe tatu ambaye naye huzaa badala ya kutaga. Kinyonga huyu tunamwua kwa mawe tukidhani analeta mkosi au ana sumu. Hana sumu yoyote. Hofu yetu juu yake ni ya kurithi, na mkristo aliyebatizwa katika jina la Utatu Mtakatifu hana sababu ya kumwogopa mnyama wa gramu chache anayekula nzi.

Kiumbe kimoja kilinigusa kuliko vyote. Barbour na Loveridge walikitangaza mwaka huo wa 1928: amfibia asiye na miguu, mfano wa nyungunyungu mkubwa, anayeishi chini ya udongo wa Uluguru. Mkulima akimfukua kwa jembe humdhani nyoka na kumkata vipande viwili. Ndugu yake wa karibu yuko milima ya Taita, Kenya, na mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mama wa jamii hiyo ya Taita huwalisha watoto wake kwa ngozi yake mwenyewe. Ngozi ya juu hunenepa na kujaa lishe, watoto huichuna kwa meno, nayo huota tena. Tangu kale Wakristo wamechora altareni ndege mwari akiwalisha makinda kwa damu ya kifua chake, kama ishara ya Ekaristi. Mwari wa kweli hafanyi hivyo. Anayekaribia kufanya hivyo ni huyu tunayemkata kwa jembe.

Katika safari hiyo hiyo alipatikana pia Bagilo ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, ambaye hata leo anajulikana Uluguru pekee na yuko hatarini kutoweka.

Sasa lazima niseme upande wa pili. Loveridge aliwapenda wanyama, na aliwaua kwa maelfu. Vyura, nyoka, ndege na kinyonga waliingia katika chupa za spiriti na masanduku, wakasafirishwa kwenda Harvard, na wengi wako huko mpaka sasa. Mtaalamu Mtanzania anayetaka kuona kielelezo cha kwanza cha chura wa Nyange huenda akalazimika kuvuka bahari. Je, lilikuwa kosa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, wanamtukuza kwa kuwapo kwao tu, na tunapaswa kuwatendea kwa wema. Inaruhusu kuwatumia kwa chakula, mavazi, kazi, na hata utafiti wenye kiasi. Inakataza kuwatesa na kuwaua bila sababu. Inaonya pia tusiwapendelee wanyama kwa mapenzi na fedha zinazowastahili maskini. Kwa kipimo hicho naona kazi ya Loveridge, kwa sehemu kubwa, inatetewa: tusingejua leo kuna nini cha kulinda Uluguru kama pasingekuwa na aliyehesabu. Lakini wingi ule, pamoja na viumbe wetu kuondoka bila mwenye nchi kuulizwa, sioni haja ya kuutetea.

Tena hesabu yake imegeuka kuwa ushahidi dhidi yetu. Msitu wa Uluguru Kaskazini na ule wa Kusini ulitenganishwa na mashamba katika eneo la Bunduki, na moto wa kuandaa mashamba umekuwa ukipanda kila kiangazi. Mwaka 2008 misitu hiyo iliunganishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Si jambo la ndege na vyura peke yao: mito ya milima hiyo huingia Ruvu, na Ruvu hunywewa na Dar es Salaam. Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kimoja. Mama wa Mgeta anayetembea mbali zaidi kutafuta maji kwa sababu chemchemi imekauka hahitaji kufafanuliwa fundisho hilo.

Loveridge alirudi Afrika Mashariki mara kadhaa, safari kubwa ya mwisho ikiwa ya mwaka 1948 na 1949, akaandika pia vitabu vya kumbukumbu kwa wasomaji wa kawaida. Mwaka 1957 alistaafu, na mwaka huo huo zikatoka kazi zake mbili za kuhitimisha: orodha ya reptilia na amfibia wote wa Afrika Mashariki, na uchunguzi wa kobe wa Afrika aliouandika pamoja na Ernest Williams. Kisha akahamia kisiwa cha Mtakatifu Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, akaendelea kuchunguza viumbe wa huko.

Katika kisiwa hicho alimkuta kobe mkubwa aitwaye Jonathan, aliyeletwa huko mwaka 1882, miaka tisa kabla ya Loveridge kuzaliwa, naye akiwa tayari mtu mzima kwa kobe. Loveridge alifariki kisiwani tarehe 16 Februari 1980, akiwa na umri wa miaka 88. Jonathan aliendelea kula majani katika bustani ya gavana.