Joseph Pilates: mtoto mgonjwa aliyeachia dunia mazoezi ya mkeka

Siku hizi hapa Lokandu, na vilevile Kindu mjini, kuko video fupi zinazopita kutoka telefone moja kwenda ingine. Ni za dakika 5, 10, zikizidi sana 15. Mtu amelala chali juu ya mkeka, anainua miguu polepole, anapumua, anaishusha. Hakuna chuma ya kubeba, hakuna kukimbia, hakuna kuruka. Jina linaloandikwa pale ni Pilates. Wamama wanaonyeshana, vijana wanacheka, wengine wanajaribu ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa.

Wengi wanafikiri ni mchezo wa matajiri wa Ulaya. Kuko hata wanaouliza kama ni yule Pilato wa Biblia. Hapana. Pilates ni jina la mwanaume mmoja aliyekufa zamani, mwaka wa 1967. Leo tunawasimulia maisha yake, sababu mtu akijua kitu kimetoka wapi, anajua pia namna ya kukitumia bila kujiumiza na bila kudanganywa.

Mtoto mwenye pumu

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, inchi ya Ujerumani. Alikuwa mtoto wa kuugua-ugua. Alikuwa na pumu, ile wengi wetu tunaita asma. Alikuwa pia na matege, ugonjwa wa mifupa kukosa nguvu, na homa inayoshika viungo. Mtoto wa namna hiyo, hata kwetu, watu wanamuangalia kwa huruma na kusema huyu hatafika mbali.

Yeye hakukubali. Alianza kujifunza jimnastiki, mchezo wa ngumi na mazoezi mengine ya mwili. Alitafuta kujua kila msuli unafanya kazi gani na pumzi inaingia na kutoka namna gani. Kwa mtu mwenye pumu, pumzi si jambo la kucheza nalo. Ndiyo sababu mpaka leo, katika mazoezi yake, kitu cha kwanza ni kupumua. Mkono na mguu vinafuata.

Kambi ya wafungwa wa vita

Karibu na mwaka wa 1912 alihamia Uingereza. Miaka miwili tu ikapita, vita kubwa ya kwanza ya dunia ikaanza. Sisi huku tunaijua vita hiyo kwa njia ingine: ndiyo ile iliyopeleka askari wa Force Publique kutoka inchi yetu mpaka Tabora mwaka wa 1916, pamoja na wabeba mizigo wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikipigana. Basi raia wa Ujerumani waliokutwa Uingereza walikamatwa na kufungwa, hata wale wasiokuwa askari. Pilates alikuwa mmoja wao. Alifungwa kwanza Lancaster, kisha akapelekwa kwenye Kisiwa cha Man, katika kambi ya Knockaloe. Pale kulikuwa na wafungwa zaidi ya 20,000, wamezungukwa na seng'enge, wanalala katika nyumba za mbao, wanangojea vita iishe.

Sisi wa Lokandu tunajua kambi ni nini. Hapa kwetu kuko kambi ya wanajeshi tangu zamani, na mazoezi ya askari si kitu kigeni kwa macho yetu. Lakini Knockaloe ilikuwa tofauti: watu hawakuandaliwa kwa kazi yoyote. Walikaa tu, miaka ikipita, mwili ukilegea na akili ikichoka.

Ni mahali kama hapo Pilates alitengeneza mazoezi yake. Hakuwa na chumba cha michezo wala vyombo. Alikuwa na sakafu, na mwili wake mwenyewe. Alipanga mienendo ambayo mtu anaweza kufanya akiwa amelala au amekaa chini, akaifundisha wafungwa wenzake. Inasimuliwa pia kwamba kwa wagonjwa wasioweza kuamka alichukua resori, yaani zile nyuzi za chuma zilizojizungusha, zinazovutika na kurudi. Alizifunga kwenye vitanda ili mgonjwa avute kwa mkono au kwa mguu akiwa amelala. Ukiona leo picha za zile mashine za Pilates zinazofanana na kitanda na kuuzwa bei ya juu sana, kumbuka hadithi ya kitanda cha mgonjwa.

Wafuasi wake walizoea kusimulia pia kwamba mazoezi hayo yalikinga wafungwa na ile homa kali ya mwaka wa 1918 iliyoua mamilioni ya watu duniani. Hiyo tuiache kama hadithi ya kumsifu. Mazoezi yanatia mwili nguvu, lakini si chanjo. Mtu asije akaacha kwenda kituo cha afya kwa sababu ya video.

New York, pamoja na Clara

Baada ya vita alirudi Ujerumani. Mwaka wa 1926 akapanda meli kwenda Marekani, akafungua mahali pa kufundishia katika mji wa New York, kwenye barabara ya 8. Ndani ya meli alikutana na Clara, aliyekuwa mwenzake wa maisha na wa kazi mpaka kifo.

Karibu na pale walipokaa kulikuwa na vyumba vya mazoezi ya wachezaji wa dansi. Mchezaji wa dansi akiumia goti au mgongo, anapoteza kazi. Wakaanza kuja kwa Pilates. Watu wakubwa wa dansi wa Marekani, kama George Balanchine na Martha Graham, walimjua na kazi yake ikapata heshima kwao.

Clara hakujulikana sana kama bwana, lakini wanafunzi wengi walimuona kuwa mwalimu wa subira zaidi. Joseph alikuwa mkali, anaamuru sawa na komanda. Clara alikuwa anaangalia kwanza mtu aliye mbele yake: huyu ni mzee, huyu anaumwa, huyu hawezi kuinama. Kisha anabadilisha zoezi limfae. Jambo hilo tulishike vizuri, maana video haiwezi kulifanya. Video haikuoni.

Kitabu cha kufanyia nyumbani

Pilates mwenyewe hakuita mazoezi yake Pilates. Aliyaita Contrology, akimaanisha elimu ya kutawala mwili kwa akili. Mwaka wa 1945 alitoa kitabu, Return to Life Through Contrology, chenye mienendo 34 ya kufanyia chini, bila mashine. Picha za ndani ni zake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka kama 60, kifua wazi, misuli imekaza kama ya kijana.

Kitabu hicho kilitengenezwa kwa mtu wa kufanyia nyumbani kwake. Alishauri dakika kama 10 bila kuruka siku, mpaka mwili uzoee. Kwa hiyo hizi video fupi si jambo geni kwake. Zinarudisha wazo lake la zamani: mienendo michache, inayofanywa vizuri, kila mara.

Zoezi la kwanza la kitabu linaonyesha fikra yake. Mtu analala chali, anainua kichwa na miguu kidogo, anapiga mikono juu na chini pembeni ya mwili mara 100. Anavuta pumzi kwa hesabu ya 5, anaitoa kwa hesabu ya 5. Linaonekana rahisi, lakini ukilijaribu tumbo linawaka moto. Anayeanza aache kichwa chini na magoti yakiwa yamekunjwa, tena ahesabu 20 au 30 tu.

Pilates alikufa tarehe 9 Oktoba 1967 huko New York, akiwa na miaka 83. Mtoto aliyehesabiwa kuwa hatafika mbali alipita wengi wa rika lake. Lakini hakufa tajiri, na alilalamika kwamba waganga wa wakati wake hawakumsikiliza. Clara aliendelea kufundisha kwa miaka kadhaa. Kisha wakaja watu waliotaka jina Pilates liwe mali yao peke yao, mwingine asilitumie bila ruhusa. Mwaka wa 2000 mahakama moja ya New York ikaamua kwamba jina hilo ni la wote, sawa vile mtu anasema karate au yoga. Ndiyo maana leo mtu yeyote anaweza kutoa video yenye jina hilo: mwalimu mzuri, na hata asiyejua kitu.

Sisi tunapata nini hapa?

Wengine watasema: mama anayetoka shambani na kitunga cha muhogo, anachota maji ya bidoni la lita 20, anatwanga sombe, anataka mazoezi gani tena? Swali hilo ni la haki. Lakini kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kazi inavuta mwili upande mmoja kila siku: shingo inabeba, kiuno kinainama, bega moja linachoka. Mazoezi ya Pilates yanatia nguvu ile misuli ya tumbo na ya mgongo inayoshikilia kiuno. Hayapunguzi uzito wa bidoni. Yanasaidia mgongo unaolibeba.

Na tusizidishe sifa. Mwaka wa 2015 wachunguzi walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa watu wanaoumwa mgongo wa chini. Waliona kwamba Pilates inasaidia kuliko kukaa bila kufanya kitu, lakini haishindi mazoezi mengine yaliyopangwa vizuri. Kwa hiyo anayewauzia video au dawa akisema Pilates inaponyesha kila ugonjwa, mumpite.

Kwa anayetaka kujaribu, haya machache yatamsaidia. Mega ni bei: chukua video moja nzuri, iweke katika telefone, irudilie wiki mbili tatu, usitafute mpya kila siku. Mkeka au kitenge kilichokunjwa mara mbili kinatosha. Fanya asubuhi kabla ya kula na kabla ya kwenda shamba. Enda polepole, usizuie pumzi, na kiuno kikiuma, simama. Hata kama video iko katika lugha usiyoisikia, angalia tumbo na kifua cha anayefundisha, utaona anapumua saa gani.

Mama mwenye mimba, aliyezaa juzi, au aliyepasuliwa, aulize kwanza muganga wa kituo cha afya. Vilevile mtu ambaye maumivu ya mgongo yanashuka mpaka mguuni, au mguu unakufa ganzi. Huyo asijaribu video yoyote kabla ya kuonwa na muganga.

Mashine na vyumba vyenye vioo vilikuja nyuma. Kwanza kulikuwa na mfungwa mmoja, sakafu ya kambi, na wagonjwa wasioweza kuamka. Sakafu tunayo hapa. Pumzi tunayo. Dakika 10, ukizitafuta vizuri kabla jua halijatoka juu ya Lualaba, zitapatikana pia.