Kaniki ya Siti binti Saad na mizani ya utu

Walimwengu wana mizani ya haraka. Kabla mgeni hajafungua kinywa, macho yamekwisha kumpima kuanzia viatu hadi kilemba, na hukumu imekwisha kupitishwa. Mintarafu ya jambo hili, sijui maisha yanayotufunza zaidi kuliko yale ya Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Wanafunzi wengi wa Kiswahili humjua kwa jina tu, kwa kuwa Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Leo ningependa tumtazame kwa upande wa nguo, maana nguo ndiyo iliyofanywa silaha dhidi yake.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kwa wazazi wenye asili ya bara waliokuwa watumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa hilohilo: Mtumwa. Siti, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata ukubwani baada ya kusifika. Hakubahatika kupata elimu ya darasani. Alichojifunza nyumbani ni ufinyanzi, na vyungu alivichukua kwa miguu kutoka shamba hadi mjini, akivinadi njiani kwa sauti ambayo baadaye ingevuka bahari.

Ili tuelewe masaibu yake, sharti tuelewe nguo za zama zile. Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa, vazi lilikuwa cheti cha nasaba. Mwanamke mtumwa alijitanda kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi nyeusi au ya nili, kisicho nakshi wala urembo. Kofia na viatu vilikuwa alama za waungwana. Mtu aliyepita njiani alisomwa kama ubao: huyu bwana, yule mtwana. Na aliyevaa kaniki hakuichagua, alichaguliwa.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika visiwa vya Unguja na Pemba. Pwani yetu ya Kenya ilisubiri hadi mwaka 1907. Je, waliokombolewa walifanya nini na uhuru wao? Wengi walianza na miili yao. Kaniki waliiweka kando, wakajinunulia kanga zenye rangi na nakshi. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, na hatimaye wanawake wakajitanda mabuibui yaliyokuwa ya mabibi wa kiungwana. Wapo waliowacheka kwa kujikweza. Mimi naona walikuwa na hoja nzito. Mtu aliyevikwa na mwingine tangu kuzaliwa, siku ya kwanza anapovaa kwa kuiridhisha nafsi yake, anatangaza kwamba mwili huo sasa una mwenyewe.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Huko alikutana na Muhsin Ali, aliyemfundisha uimbaji, na baadaye akashirikiana na mafundi kama Subeti Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika kasri la sultani, yeye na wenzake waliiimba kwa Kiswahili katika mitaa ya walalahoi. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay, nchini India, wakarekodi sahani za santuri zilizosikika kote Afrika Mashariki. Hawakuimba mapenzi peke yake. Wimbo wao wa Kijiti ulisimulia kisa cha kweli cha muuaji aliyetoroka ilhali wanawake waliofika kutoa ushahidi wakaishia kifungoni.

Husuda haikukawia. Kwa kuwa sauti yake haikuwa na kasoro ya kushikwa, washindani wake walitunga wimbo wa kumkejeli. Walimuuliza amekuwa mtu tangu lini, wakakumbusha kwamba aliingia mjini akitoka shamba na kaniki zake, na kwamba pasipo sauti hiyo angekosa hata chakula. Tazameni werevu wa matusi hayo: hayakumwita mtumwa waziwazi. Yalitaja nguo tu, na kila msikilizaji akaelewa.

Jibu lake ndilo linalonifanya nimheshimu hadi leo. Hakukana kwamba aliwahi kuvaa kaniki. Hakujisifu kwamba sasa ana nguo za thamani, ingawa angeweza. Aliimba kwamba uzuri wa sura na utukufu wa ukoo si hoja; aibu ya mwanadamu ni kukosa akili. Kwa maneno mengine, aliikataa mizani yenyewe. Angejibu kwa kuonyesha nguo mpya, angekuwa amekubali kwamba nguo ndiyo kipimo, na kwamba wenye kaniki waliosalia shamba walistahili kudharauliwa.

Sisi wanaisimu hufundisha kwamba uhusiano kati ya neno na kitu ni wa makubaliano tu; hakuna sauti iliyozaliwa na maana. Nguo nayo ni vivyo hivyo. Weusi wa kaniki haukuwa na unyonge wowote ndani yake. Jamii ndiyo iliyoutia unyonge, kisha ikasahau kwamba iliutia yenyewe. Weusi wa buibui ukawa wa heshima papo hapo, kisiwa kilekile.

Sisemi kwamba mavazi hayana maana. Shule ina sare yake, msiba una mavazi yake, na mwenye busara huchunga mahali alipo. Ninachokikataa ni kulifanya vazi kuwa hukumu ya mwisho. Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba hakuvaa kwa heshima. Waliojiita walinzi wa heshima ndio waliomvua mwanadamu utu mbele ya umati. Huko ndiko mizani ya haraka inakotufikisha tunapoiachia.

Nanyi walimu wenzangu, katika kila darasa yumo mtoto ambaye sweta yake imetoboka viwikoni na viatu vyake vimeachama. Ni rahisi kumweka nyuma, kumruka tunapouliza swali, kumdhania mzito kabla hajajibu. Wahenga walituasa tusidharau kiselema, kwani chalima kikapita jembe zima. Hebu tukumbuke kwamba mfinyanzi wa Fumba, aliyepita mitaani na vyungu kichwani, alikuwa na sauti ileile iliyokwenda kurekodiwa Bombay. Wengi walikutana naye njiani wakaona kaniki tu. Waliofaidika ni wale wachache waliosimama wakasikiliza.